Tuliomba mita 2,500, tukaulizwa wageni wetu wanakwenda wapi

Mwaka huu watu watatu wenye viwanja vidogo vya ndege wamenipigia simu kuniuliza jambo moja: je, kumlipa mtaalamu aje akuhesabie urefu wa njia ya kurukia ni matumizi ya maana, au ni kupoteza pesa ambazo zingenunua lami? Nimewajibu kila mmoja peke yake. Sasa naandika mara moja kwa wote, kwa sababu sisi tuliinunua huduma hiyo, tukaipokea ripoti yake ya kurasa 71, na nimeishi nayo miezi minne.

Mimi ni mratibu wa safari za ndege. Nilisomea chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, nikafanya kazi Entebbe miaka kumi na moja, kisha nikarudi magharibi mwa Uganda nilikozaliwa. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, ile iliyofika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe, na katika kota za reli Mkonzo, Mtoro, Mluo na Mkamba walielewana kwa Kiswahili. Nalitaja hili kwa sababu lugha ilikuwa na nafasi yake katika kazi hii, nitaifikia.

Uwanja wetu uko bondeni chini ya Rwenzori, mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ni ya changarawe nyekundu, mita 1,150, na kwa miaka mingi imetosha kwa ndege za Caravan zinazoleta watalii. Sitautaja jina kwa sababu mazungumzo ya ardhi hayajaisha. Wamiliki ni watu watano, wengi wao wenye hoteli, na mwenyekiti wao tunamwita Hajji. Hajji alikuwa ameshaamua kabla ya mtaalamu yeyote kuja: tunajenga mita 2,500 za lami, jeti za matajiri zitue mlangoni petu. Alikuwa ameziona Gulfstream zimeegeshwa Entebbe, na mgeni mmoja wa hoteli yake alimwambia kwamba angekuja na yake kama kungekuwa na pa kuitua.

Kampuni tuliyoiajiri ina wahandisi wawili na rubani mstaafu mmoja. Tulikubaliana shilingi milioni 74 na wiki sita.

Siku ya kwanza walikaa nasi chini ya mwembe wa hoteli. Nilitarajia waanze na ramani. Yule rubani akamgeukia Hajji akamuuliza, "Mzee, mgeni wako akishapanda ndege hapa, anakwenda wapi?"

"Anarudi kwao," Hajji akajibu. "Ulaya. Dubai."

"Moja kwa moja kutoka hapa?"

"Moja kwa moja."

"Na pasipoti yake itagongwa wapi?"

Palikuwa kimya kidogo. Uwanja wetu hauna uhamiaji wala forodha, na hakuna aliyekuwa anaomba viletwe. Mgeni anayetoka nje ya nchi lazima apitie uwanja wenye huduma hizo akija na akiondoka, na kwa wageni wetu huo ni Entebbe. Kwa hiyo jeti itakayopaa kutoka kwetu haihitaji kubeba mafuta ya kufika Ulaya. Inahitaji ya kufika Entebbe, safari isiyofika saa moja, na akiba yake. Entebbe kuna njia ya mita 3,658. Huko ndiko itajaza matangi na kupaa ikiwa nzito. Hata Hoima, kwenye uwanja wa Kabalega, imejengwa njia ya mita 3,500. Nchi hii tayari ina sehemu za kupaa na matangi yaliyojaa.

Kwangu mimi swali hilo moja lilikuwa na thamani ya nusu ya malipo. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege miaka mingi na najua kwamba hakuna "urefu wa njia unaohitajika na jeti". Kuna urefu unaohitajika na jeti fulani, yenye uzito fulani, saa fulani ya siku, ikielekea mahali fulani. Lakini nilipokaa upande wa wamiliki, na mimi nilikuwa nimeanza kusema "mita 2,500" kama vile ni jina la uwanja.

Tuingie kwenye hesabu, maana ndipo ripoti ilipofanya kazi nzuri.

Watengenezaji wa jeti hutangaza urefu wa kupaa katika hali ambayo sisi hatunayo: usawa wa bahari, nyuzi joto 15, ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa. Citation XLS+ imeandikiwa kama mita 1,085. Pilatus PC-24, ambayo imeundwa iweze kutumia hata njia zisizo na lami, mita 893. Gulfstream G550, mita 1,801. Mtu akiziona namba hizi anafurahi. Kisha anapanda nazo hadi bondeni kwetu.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina hesabu ya haraka ambayo kila mwanafunzi wa Soroti anaijua. Ongeza 7% kwa kila mita 300 za kimo. Ongeza 1% kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi joto la kawaida la kimo hicho, yaani lile la jedwali la kimataifa, si la hali ya hewa ya mahali. Ongeza 10% kwa kila 1% ya mteremko wa njia. Kwetu, kimo kinatuongezea 23%. Joto la kawaida kwa mita 1,000 ni nyuzi 8.5, na wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wetu wa joto zaidi ni nyuzi 30, kwa hiyo tunaongeza 21.5% nyingine juu ya ile ya kwanza. Mteremko wetu ni mita 9 katika mita 1,800 (urefu wa njia mpya tulioishia nao, nitaufikia), yaani nusu asilimia, basi 5%. Ile XLS+ ya mita 1,085 inaondoka darasani ikihitaji mita 1,707. PC-24 inakuwa 1,405. Na G550 ya ndoto ya Hajji inafika 2,834.

Angalieni hapo. Zile mita 2,500 tulizokuwa tunaziomba zilikuwa fupi kwa ndege tuliyoitaja na ndefu mno kwa safari ambazo kweli zingefanyika. Zilikuwa kosa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Wangeweza kuishia hapo, na najua wapo wanaoishia hapo, wakachapa jedwali na kudai hundi. Wao waliandika kwa herufi nzito kwamba hesabu hiyo ya haraka haitoshi kwetu. Mwongozo wenyewe wa ICAO unasema kwamba nyongeza ya kimo na joto zikijumlishwa zikazidi 35%, lazima ufanyike uchunguzi maalumu. Zetu zinafika karibu 50%. Basi wakaenda kwenye vitabu vya ndege zenyewe, ndege nne, moja baada ya nyingine, wakasoma grafu za kila uzito kwa kimo chetu na joto letu. Pia walitazama waraka wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, wa mwaka 2005, unaopanga jeti hizi kwa makundi na kuuliza kama unajenga kwa asilimia 60 ya mzigo wa manufaa, yaani abiria, mizigo na mafuta, au 90. Swali lilelile la rubani chini ya mwembe, limevaa suti.

Kuhusu joto nataka kusema zaidi, kwa sababu hapa niliwaheshimu sana. Hawakuchukua namba kwenye simu. Waliomba rekodi za miaka kutoka kwa wataalamu wa serikali wa hali ya hewa, wakaweka na kipimajoto chao uwanjani, kivulini, na kijana wetu wa ulinzi akafundishwa kukisoma kila saa. Wakatuonyesha kwamba saa mbili asubuhi kwetu ni nyuzi 20, na saa tisa alasiri ni 30. Kwa hesabu ya haraka, XLS+ kabla ya kuongeza mteremko inahitaji mita 1,626 alasiri na 1,492 asubuhi. Mita 134 za lami kwa kuondoka baada ya kifungua kinywa badala ya baada ya chakula cha mchana. Mwenye hoteli yeyote anaweza kupanga hilo. Sasa tumeliandika katika utaratibu wetu: jeti zitapaa kabla ya saa nne asubuhi, isipokuwa rubani athibitishe uzito wake.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo wamiliki walichukua muda kulikubali: kuna mahali ambapo kurefusha njia hakusaidii tena. Jeti ya injini mbili lazima iweze, injini moja ikizimika na magurudumu yakiwa yamekunjwa, kupanda mita 2.4 kwa kila mita 100 inazokwenda mbele. Hewa yetu ya moto na nyepesi inainyima injini nguvu. Ikifika uzito ambao haiwezi kupanda hivyo, unaweza kuiwekea lami hadi Mbarara, bado sheria itaiambia ipunguze mzigo. Mhandisi mdogo wa wale wawili alilieleza hili akiwa amechuchumaa, akichora ardhini kwa kijiti, kwa Kiswahili, na Hajji akachuchumaa naye. Nikasikia Hajji akirudia maneno yake kwa mwenzake: "Kwa hiyo tatizo liko hewani. Lami hailiwezi."

Milima haiko mbali nasi, na kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini kikwazo kilichotusumbua zaidi kilikuwa kidogo kuliko hicho. Ni shamba la mikaratusi. Liko mita 310 kutoka mwisho wa njia mpya, upande wa kusini, na wataalamu walitumia mstari wa kupaa wa 2% unaoanza mita 60 baada ya mwisho wa njia. Hesabu ni nyepesi: mita 250 kwa 2% ni mita 5, na hakuna kitu pale kinachopaswa kuzidi hapo. Mikaratusi ina mita 14. Kila mtu Uganda anajua jinsi mti huo unavyokua. Ukiuacha mwaka mmoja unarudi umekuta mti mwingine. Ripoti ilionyesha kwamba miti ile ikibaki, njia yetu ya mita 1,800 ingehesabiwa kwa rubani kuwa fupi zaidi, kwa sababu angelazimika kuwa hewani mapema. Yaani tungemlipa mkandarasi wa lami kisha tukampa mkulima wa kuni sehemu ya lami hiyo.

Na ardhi. Hili lilikuwa jipya hata kwa watu wawili wa kamati waliokuwa wamewahi kujenga barabara. Njia ya mita 1,800 haikai kwenye kiwanja cha mita 1,800. Kila mwisho wa njia unahitaji mita 60 za ukanda uliosafishwa, kisha eneo la usalama kwa ndege inayopitiliza. Kiwango cha chini ni mita 90, na kinachopendekezwa kwa njia kubwa ni 240. Ukichukua 240 unahitaji mita 2,400 za ardhi iliyonyooka. Tulikuwa tumefanya mazungumzo na familia nne. Ikabidi tuongee na saba.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa moyo mzito kwa sababu watu hawa niliwapenda.

Rasimu yao ya kwanza ilipendekeza mita 1,600. Niliisoma usiku mmoja nyumbani, nikafika ukurasa wa 38, nikasimama. Walikuwa wamehesabu kupaa kwa uangalifu wote niliousifu hapo juu, lakini kutua walikuwa wamekuweka nusu ukurasa tu, na kwa njia kavu. Bonde letu lina masika ya Machi hadi Mei na mvua nyingine kuanzia Agosti hadi Novemba. Siku nyingi za hapa njia ni mbichi.

Kwa anayerusha ndege yake mwenyewe, namba ya kitabu inaweza kumtosha kisheria. Kwa jeti ya kukodi si hivyo. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi inamtaka mwendeshaji wa jeti ya biashara awe na uwezo wa kusimama ndani ya 60% ya urefu uliopo, na njia ikiwa na maji aongeze 15%. Chukua jeti ambayo kitabu chake, kwa kimo na joto letu, kinasema inahitaji mita 900 kusimama. Gawa kwa 0.6, unapata 1,500. Ongeza 15%, unapata 1,725. Njia ya mita 1,600 ingemfukuza mteja wetu mkuu kila siku ya mvua. Wageni wetu wengi wanakuja Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, kweli, lakini mvua haisomi kalenda ya hoteli, na wageni wa kukodi ndio hasa tunaowategemea. Matajiri wenye ndege zao ni wachache.

Niliwaandikia barua ya kurasa mbili. Kwa haki yao, hawakubishana. Rubani alinipigia siku ya pili akaniambia, "Dada, umetuokoa aibu." Walirudi, wakafanya upya sehemu ya kutua kwa ndege zote nne, kavu na mbichi, na mita 1,800 zikatoka hapo. Lakini najiuliza ingekuwaje katika kamati isiyo na mtu aliyewahi kupanga safari za ndege. Wamiliki wangesaini. Njia ingejengwa. Kosa lingegunduliwa na rubani wa kwanza aliyeuliza namba za mvua. Huduma ya milioni 74 haifai kumtegemea mteja aikague.

Wiki sita zikawa tisa. Wiki moja ya hizo ilikuwa yetu, tulichelewa kuwapa daftari la safari za zamani, ambalo mlinzi wetu wa kwanza aliliandika kwa mkono na mchwa wakawa wamelila pembeni. Mbili zilikuwa zao.

Na lugha. Uwanjani walizungumza Kiswahili safi, chenye mifano, na wazee walielewa kila kitu. Ripoti ikaja yote kwa Kiingereza, hata muhtasari. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba yetu tangu 2005, na wenye ardhi tuliokuwa tunaomba wahame walitaka kujua kwa nini mstari wa eneo la usalama unapita jikoni kwao. Nilikaa siku tatu nikiandika kurasa kumi kwa Kiswahili, mimi mwenyewe, bila malipo, ili mama mmoja mwenye shamba la mihogo aweze kusoma sababu na kuuliza maswali yake. Aliuliza maswali mazuri kuliko ya kamati. Alitaka kujua kwa nini mita 240 na si 90, na nikalazimika kurudi kwenye ripoti kumtafutia jibu la haki.

Kwa hiyo kwa wale watatu walionipigia: ndiyo, ajirini mtaalamu. Sisi tumepunguza mita 700 za lami kutoka kwenye ndoto yetu, na upana umewekwa mita 30. Gharama ya ripoti inamezwa na sehemu ndogo sana ya mita hizo. Lakini katika mkataba andikeni kabla ya kusaini kwamba mnataka jedwali la kutua njia ikiwa mbichi kwa jeti za kukodi, kwamba vizuizi vipimwe kwa urefu vitakaokuwa nao baada ya miaka mitano, na kwamba muhtasari wote utolewe kwa lugha wanayosoma wenye ardhi. Wapeni pia daftari lenu la safari siku ya kwanza. Na kama mtaalamu wenu akianza kazi bila kuuliza abiria wanakwenda wapi, mrudisheni alikotoka.

Mimi ningewaajiri hawa tena. Ningeisoma rasimu yao kwa kalamu nyekundu mkononi, lakini ningewaajiri.

Kigingi cha mita 1,800 kimeshachomekwa. Nilikwenda kukiona Jumamosi iliyopita, kiko kwenye ukingo wa lile shamba la mihogo, kimepakwa rangi nyeupe na nyekundu. Mikaratusi bado imesimama. Mwenye nayo anataka kuivuna mwenyewe mwezi wa saba na kuuza nguzo, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba baada ya hapo atapanda maharage.